Usidanganyike na vitambaa vya meza

Wapo waungwana mjini hapa ambao ukiwaambia unaandika habari za mahali pa kula, mawazo yao yote yanakimbilia hotelini: kiyoyozi, vitambaa vyeupe na mhudumu aliyefunga tai. Ukiwatajia mama ntilie, wanacheka mpaka jino la mwisho. Eti, "Na wewe bwana, pale napo pa kuandika gazetini?"

Napo! Tena wiki hii natoa vipimo vyangu hadharani, asiyejua ajue.

Kwanza jina lenyewe. Mama ntilie limetokana na mteja mwenye haraka zake: "Mama, nitilie." Wenye adabu zao wanapendelea mama lishe, na kwa kuwa wanaume nao wameingia jikoni, baba lishe wapo kibao. Lakini jina la zamani ndilo linalosema kweli. Hapo hakuna orodha ya vyakula yenye jalada la ngozi. Kuna sufuria, upawa na mtu mwenye njaa. Basi.

Asubuhi anzia Feri, pale Kivukoni, boti za wavuvi zinapoingia na mnada kupamba moto. Kipimo cha kwanza ni safari ya chakula kabla hakijafika kikaangoni. Samaki wa Feri hajapanda hata daladala! Ila chungulia mafuta. Yakiwa meusi kama yamemwagwa kutoka gereji, geuza njia, hata kama samaki bado anakukodolea macho.

Mchana ingia Kariakoo. Hapa usitazame anayepika, tazama anayekula. Kuli aliyebeba magunia tangu alfajiri hana shilingi ya kuchezea. Ugali ukiwa mbichi au maharage yakiwa maji matupu, kesho humwoni. Ukikuta makuli na makonda wanagombea benchi la mama mmoja, na jirani yake anapunga nzi, jibu umeshapata.

Kipimo cha tatu ni saa nane. Sufuria ya wali iwe imekwisha, kwa sababu ile isiyokwisha ndiyo mama yake kiporo. Na maji ya kunawa yawe ya kumiminika, pamoja na sabuni, siyo beseni moja wanaloogea mikono watu thelathini. Hili sina utani nalo. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, macho yote yaliwageukia wauza vyakula. Mama msafi na mama mchafu wakahukumiwa pamoja. Kumsifu msafi kwa sababu alizozifanyia kazi ni kumtendea haki.

Jua likizama, mji unanuka chipsi mayai. Wanaojua mjini wanaiita zege. Kwenye kona, wanaume wamezunguka supu ya pweza, kila mmoja anadai amekuja kwa ajili ya kifua! Nenda Coco Beach ukale muhogo wa kukaanga na pilipili yake. Kipimo cha jioni ni kitu kimoja kilichopikwa sawasawa. Muhogo uwe mkavu nje, laini ndani, pilipili ikutoe kamasi. Anayekaanga vitu kumi kwenye kikaango kimoja huwa hajui hata kimoja.

Sasa kuna jambo ambalo wapenda vitambaa hawalifikirii. Hoteli ina mkataba wa pango, ikihama inabandika tangazo. Mama lishe wa kando ya barabara je? Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Oktoba mwaka huohuo, wamachinga na mama lishe wakaondolewa barabarani na kuelekezwa maeneo waliyopangiwa. Barabara zilipitika, sibishi. Lakini kuli hakuhama na sufuria. Mtaji wa mama yule haukuwa meza na mabenchi, ulikuwa wale watu anaowajua kwa sura, huyu hali mlenda, yule atalipa Jumamosi, jina lake limo kwenye daftari. Siku hizi ana karatasi ya lipa namba imebandikwa kwenye nguzo, lakini daftari halijafa. Ukimhamishia mbali, lile daftari ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Akiondoka, zinabaki mafiga na majivu tu. Hakuna palipoandikwa kwamba hapa paliwahi kupikwa kisamvu cha nazi kilichowafanya watu wasahau kurudi kazini.

Kwa hiyo kipimo changu kikubwa kuliko vyote ni swali: pakifungwa kesho, nani atashinda njaa? Hoteli ya vitambaa ikifungwa, wateja wanavuka barabara kwenda ya pili. Kwa mama lishe wa kweli, mtaa mzima unaulizana yuko wapi. Hapo ndipo pa kuandikwa, ndugu msomaji, hata kama benchi lina mguu mmoja mbovu.

Haya, nawa mikono. Na kama jina lako limo daftarini, Jumamosi si mbali. Kalipe!