Kiangazi na miwani yake

Mwaka jana, katika zoezi la tafsiri, tulipewa kichwa cha habari kutoka gazeti moja la mitindo la Kifaransa. Kilitangaza miwani ya jua inayopendwa katika été. Maneno yalikuwa machache, lakini saa nzima ilikwisha juu yake. Wengi wetu tuliandika "miwani ya kiangazi". Mwenzetu mmoja akapinga: été ya Paris ni majira ya joto, na katika miezi hiyohiyo, Juni na Julai, sisi hapa Lubumbashi tunatetemeka. Akatukumbusha akina mama wanaouza mikate alfajiri wakiwa wamejitanda kitenge juu ya sweta. Mhadhiri akampa haki. Ubaoni ikabaki "majira ya joto", tukaenda kwenye sentensi iliyofuata.

Mimi nimebaki na kiangazi changu. Kama tungekuwa tunatafsiri habari za nguo za kuogelea, ningenyamaza. Lakini nani anavaa miwani ya jua kwa sababu ya joto? Anaivaa kwa sababu ya mwanga, na kiangazi ni jina lililozaliwa na kitenzi angaza. Watu wa mwambao wa Tanzania na Kenya wana neno kipupwe kwa miezi ya ubaridi ya katikati ya mwaka, na kwao kiangazi huenda pamoja na jua kali. Kwetu Katanga, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kiangazi kinaanza mvua inapokoma, na katikati yake ndiko baridi iliko. Hali ya hewa imebadilika kutoka mwambao hadi huku, lakini mzizi wa neno umebaki mkweli: mbingu ni tupu, hakuna wingu, na vumbi jekundu linapanda kila gari linapopita. Unavaa koti na bado unakunja uso kwa mwanga. Kwa miwani ya jua sijui neno la majira lililo sahihi zaidi.

Jina la chombo chenyewe ni jambo jingine. Miwani tunaisoma vitabuni na kuisikia kwa madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam na kuingilia Kasumbalesa. Nyumbani tunasema malineti. Wanafunzi wa fonolojia watafurahi: u ya Kifaransa, ambayo midomo yetu haina haja nayo, imekuwa i, na mbele yake tumeweka ma- ya wingi, kwa sababu Wafaransa nao husema lunettes kwa wingi, vioo viwili. Miwani sanifu ina ujanja wake. Ukisema "miwani hii imevunjika", hakuna anayeweza kujua kwa upatanisho peke yake kama umeiweka katika ngeli ya nyumba, umoja, au katika ngeli ya miti, wingi. Viambishi ni vilevile. Siri inatoka tu siku mtu anaposema "miwani hizi". (Nimewauliza wenzangu watatu wa idara. Wawili walisema hizi, mmoja alikasirika.)

Sokoni hakuna anayejali ngeli. Mwezi wa Juni vijana wanatembea na ubao wa povu uliochomekwa malineti kama arobaini, na mmoja aliniita: "Yaya, ona hii, iko ya été! Njo ile banavala ku Paris." Alikuwa amevaa kofia ya sufu. Sikumcheka, maana alikuwa na elimu ya bidhaa yake. Alinionyesha ile ya marubani, yenye vioo vya umbo la tone. Mtindo huo uliuzwa kwa jina la Ray-Ban tangu 1937, na vioo vyake vinashuka hadi shavuni kwa sababu rubani hutazama pia vyombo vilivyo chini yake. Alikuwa na ile iliyochongoka pembeni kama jicho la paka, ya wanawake wa miaka ya 1950. Alikuwa na ile mikubwa inayofunika nusu ya uso, ambayo watu bado wanaihusisha na Jackie Kennedy Onassis. Na alikuwa na vile vioo vidogo vyembamba ambavyo filamu ya The Matrix ilivipeleka kila mahali mwaka 1999, na ambavyo vijana wa leo wanavivaa kana kwamba vimebuniwa jana. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya été. Ndivyo alivyovisifu kuliko vyote, na ndivyo vibaya kuliko vyote.

Nasema vibaya kwa sababu ya yaya wangu. Anaendesha moto kutoka asubuhi hadi usiku, na katika jicho lake la kushoto kinyama kimeota upande wa pua, kinaelekea kwenye mboni. Hospitali walimweleza kwamba jua, upepo na vumbi vinakilisha kinyama hicho, na wakamwambia avae malineti ya jua. Hawakusema ipi. Akaenda kwa kijana wa ubao wa povu, akanunua iliyokuwa nyeusi kupita zote.

Hapa weusi unadanganya. Kinachoumiza jicho zaidi ni mionzi ya urujuanimno, nayo haionekani. Kioo kinaweza kuwa cheusi kabisa na kuipitisha, na kingine cheupe kabisa kikaizuia. Tena mboni ikiwa gizani hupanuka. Kwa hiyo kioo cheusi kisicho na kinga kinaweza kufungua mlango na kuwaacha wezi waingie. Alama ya UV400 maana yake ni kwamba kioo kinazuia mionzi hiyo, lakini kibandiko kinachapishwa na yeyote mwenye mashine, na njia ya kuhakikisha ni kupeleka miwani kwa mtaalamu mwenye kifaa cha kuipima. Halafu umbo: vile vya The Matrix vinaacha mwanga na vumbi kuingia juu, chini na pembeni. Ile mikubwa ya akina mama, na ile inayozunguka hadi masikioni, inafunika jicho kweli.

Nilidhani kazi imekwisha tulipompatia nzuri, mikubwa, iliyopimwa. Kumbe ilikuwa ndiyo inaanza. Katika mji wetu malineti ni neno la wasapeur. Papa Wemba na vijana wa Kinshasa na Brazzaville waliifanya iwe sehemu ya mavazi ya mtu anayetaka kutazamwa, na kumsalimu mkubwa ukiwa umefunika macho ni kumkosea. Mwezi wa Agosti tulikwenda matanga kwa jamaa upande wa baba. Tulikaa nje mchana, chini ya jua, na vumbi la watu wanaoingia na kutoka. Baba mkubwa mmoja akamtazama yaya na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye masufuria: "Huyu amekuya kulia ao kujionyesha?"

Yaya hakujibu. Akaivua. Jicho lilikuwa jekundu kama pilipili, na machozi yakaanza kutiririka yenyewe kwa ule mwanga. Watu waliokaa karibu walitazama chini. Baada ya muda mzee akasema polepole: "Rudisha malineti yako, mwanangu."

Tangu siku hiyo yaya ana utaratibu wake. Akifika mbele ya mkubwa anaipandisha hadi kwenye paji la uso, anatoa mkono, anasalimu hadi mwisho, kisha anasema: "Samahani, baba, hii ni dawa," na kuishusha. Wazee wanakubali mara moja, kwa sababu kwao dawa haina mtindo wala majira. Fremu yake ni ya rangi ya dhahabu. Aliichagua mwenyewe, akisimama robo saa nzima mbele ya kioo cha duka, akigeuza kichwa kulia na kushoto.