Nilidhani ni Nyumba Ndogo, Kumbe ni Mkoko

“Bro, kishika uchumba nimekiona. Mtoto anakusubiri Singida, yuko safi, hajaguswa. Ukichelewa wapo wenye hela.”

Meseji hiyo iliingia kwenye simu ya mume wangu saa nne usiku, mwenyewe akiwa bafuni. Msomaji wangu, najua unataka kuniambia nini, maana mimi mwenyewe nimewaambia akina dada mara nyingi tu: simu ya mume usiiguse. Kuandika ni rahisi. Niliigusa, nikaisoma mara tatu, miguu ikaisha nguvu. Tena Singida! Kwetu kabisa, mwanamume huyu kaenda kutafuta nyumba ndogo nyumbani kwetu?

Alipotoka na taulo yake nikamwonyesha. Akaangalia, akacheka mpaka akakaa kitandani. “Mke wangu, hilo ni gari.”

Nilipumua kama sekunde mbili hivi. Halafu nikauliza, “Kishika uchumba shilingi ngapi?”

“Moja na nusu.”

Milioni moja na nusu, kutoka kwenye hela ya bati. Nyumba yetu ya Chanika ilikuwa imenyeshewa masika mawili bila paa, na sisi tunalipa kodi ya watu. Mungu anisamehe, kwa dakika chache niliona bora angekuwa mwanamke. Mwanamke angekula chipsi kuku, asingekula bati.

Ili nimtendee haki, niwaambie ugonjwa wake ulianzia wapi. Tangu sekondari huyu bwana ana picha ya Ford Mustang, ile nyekundu, aliyoibandika bwenini na baadaye akahamia nayo geto. Mustang ya kweli hatuiwezi, na hata tungeiweza, Ford walianza kutengeneza zenye usukani wa kulia kiwandani kwao mwaka 2015. Za kabla ya hapo usukani uko kushoto. Hebu fikiria unataka kulipita lori barabara ya Singida–Nzega, dereva haoni mbele, inabidi amuulize mkewe, “Kuna gari?” Ndoa ngapi zitapona hapo?

Sasa yule muuzaji, kijana anayefanya biashara ya alizeti, alimwambia ana “Lexus ya Marekani, spoti, namba D”, milioni tisa na nusu. Mume wangu aliposikia neno Marekani, akili ikahama. Picha alizotumiwa zilikuwa kali kweli, sikatai: gari la bluu, limeinama chini, rimu zinawaka. Akatuma hela kwa simu bila karatasi na bila shahidi. Mimi pia hakuniambia.

Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu nikasema, twende tukalione, lakini atakayelikagua ni baba mdogo. Baba mdogo ana gereji yake Mandewa, na ameshika spana tangu mimi sijazaliwa. Ilikuwa Juni 2025, msimu wa kuvuna alizeti. Tulipanda treni ya SGR mpaka Dodoma, tukaunganisha basi. Njia nzima mwenzangu ananionyesha picha za gari, mimi naangalia mawe na upepo wa kwetu dirishani.

Tulipomaliza shikamoo na habari za safari, baba mdogo alimwuliza mume wangu swali moja tu. “Mkwe, umeshalipenda?”

“Sana, baba.”

“Basi wewe kaa kwenye benchi.”

Nilitamani nicheke, nikajizuia. Lakini alikuwa na maana yake. Mtu aliyekwishapenda anaangalia rangi na kusikiliza muziki wa gari, macho ya kuona kutu hana tena. Kukagua ni kazi ya asiyelitaka.

Kijana akaja na gari likiwa limetoka mbio. Baba mdogo akaweka kiganja juu ya boneti. “La moto. Tusubiri lipoe.” Kijana akaanza kulalamika, eti mzee, hili ni la kuwasha na kuondoka. Baba mdogo akaagiza chai. Tulikaa karibu saa mbili. Baadaye alinieleza kwamba injini ya moto inaficha mengi. Kama inasumbua kuwaka, inagonga au inatoa moshi, utayaona ikiwa imelala baridi. Ukienda kuangalia gari, mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Ukilikuta limepashwa, jiulize kwa nini.

Wakati tunasubiri hakukaa bure. Alianza kwa kusoma namba ya chesisi, akatikisa kichwa. “Hii ni Altezza, Lexus ni hiyo nembo tu.” Kumbe gari hili Toyota walilitengeneza kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Japani liliitwa Altezza, nje likauzwa kwa jina la Lexus IS. Lile la Marekani ni IS 300, lina injini ya lita tatu na usukani kushoto. Hili letu usukani uko kulia! Nembo inanunuliwa dukani na kubandikwa.

Nyuma palikuwa na nembo nyingine, RS200, ambayo ndiyo Altezza yenye fujo: silinda nne, na ile ya gia za mkono ina nguvu za farasi 210. Chesisi ya RS200 huanza na SXE10. Ya kwetu ilianza na GXE10, yaani AS200 ya silinda sita na farasi 160. Si gari baya, ila bei aliyotajiwa mkwe ilikuwa ya lile jingine. Na ile namba D aliyoringiwa inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Lilizaliwa lini ni habari nyingine, na hili lilizaliwa 2001.

Halafu akatoa sumaku ya spika mbovu, akaifunga kitambaa isichubue rangi, akaipitisha ubavuni. Inashika, inashika, kufika juu ya tairi la nyuma kulia, pwaa, ikadondoka. Hapakuwa na bati pale, palijazwa bodi fila. Akafunua kapeti la buti, tukaona alama za kuchomelea. Gari lilikuwa limegongwa nyuma vibaya. Matairi yameliwa upande wa ndani, maana ule mwinamo uliomuua mume wangu ulikuwa wa springi zilizokatwa. Dashibodi inasema kilomita elfu themanini na nne, raba ya pedali ya breki imekwisha mpaka chuma. Nikaangalia kwenye benchi. Mtu alikuwa kimya.

Lilipopoa likawashwa. Moshi wa bluu ukatoka, maana yake linakula oili. Ungekuwa mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata moto, tungesema maji yanaingia kwenye silinda. Kuweka rivasi, gari likawaza kwanza, halafu likashtuka kama limesukumwa. Baba mdogo akauliza taimingi belti ilibadilishwa lini.

Kijana kwa fahari: “Mzee, haijawahi kuguswa!”

“Ndiyo shida yenyewe, mwanangu.” Belti ile hubadilishwa kila kilomita kama laki moja. Ikikatika mlima Sekenke, gari linazima hapo hapo, na kwenye injini nyingi vali na pistoni zinagongana. Hapo unatafuta injini nyingine.

Kadi ya gari ilikuwa fotokopi. Jina si la kijana, rangi iliyoandikwa ni ya fedha, na orijino eti iko kwa kaka Mwanza. Hapa dada yangu usibishane, funga pochi. Orijino inaweza kuwa imelala kwa mtu aliyekopesha hela. Dai uione kwa macho, linganisha chesisi na injini namba kwa namba, uhakikishe TRA nani ni mmiliki, uangalie faini za trafiki kwenye mtandao wa polisi, ndipo muende kwa wakili. Na kishika uchumba kiandikiwe karatasi inayosema kitarudi kama gari si lile lililosemwa. Sisi tulikuwa na meseji tu ya “mtoto anakusubiri”.

Bahati nzuri baba mdogo anafahamiana na baba wa yule kijana. Wazee walikaa jioni, tukarudishiwa milioni moja. Laki tano ilikuwa imeshakwenda, na hiyo mume wangu aliirudisha kwenye bati kutoka mshahara wake, kidogo kidogo. Hatukuongea sana juu yake. Aliomba msamaha kwenye basi tukirudi Dodoma, kwa sauti ya chini, boksi la kuku wa kienyeji tuliopewa likiwa miguuni. Nilimsamehe tulipokaribia Manyoni.

Bati zimepanda Oktoba. Sumaku aliiomba kwa baba mdogo, sasa inakaa mlangoni mwa friji yetu. Jumapili iliyopita haikuwepo. Nikachungulia nje, nikamkuta mume wangu amechuchumaa kwenye gari jipya la jirani, anaipitisha taratibu ubavuni, jirani kasimama pembeni kakunja mikono.