Halipo, au Halikuulizwa?

Mwanafunzi wa Kiswahili akitajiwa hifadhidata, aghalabu huelekeza kidole upande wa pili wa ua, kwenye majengo ya sayansi ya kompyuta. Huko, husema, ndiko kwenye wenyewe. Yeye ana kamusi zake, ana madaftari yake ya utafiti wa nyanjani, na mambo yanapozidi ana jedwali refu la Excel analolishusha mpaka macho yamuume. Dhana hii imewanyima wengi chombo kinachowafaa mno watu wa kazi yao: watu wanaokusanya vitu vingi vyenye kuhusiana, kisha wakataka kuviuliza maswali.

Mwanafunzi wa uzamili anayezungumziwa hapa alikifikia chombo hicho kwa kusukumwa na dhiki. Alikuwa amekusanya msamiati wa uvuvi na vyombo vya bahari kutoka kwa wazee saba wa Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya, nao ulikuwa umejaza madaftari manne. Neno moja lilitajwa na wazee watatu kwa maana tatu. Kila alipotaka kujua ni maneno yapi yaliyotajwa na mzee mmoja tu, ilimbidi aanze kufunua kurasa upya. Karo ya kozi hakuwa nayo. Alipakua SQLite, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ambayo huweka hifadhidata nzima ndani ya faili moja na haihitaji seva. Tarakilishi yake kuukuu iliimudu.

Sura ya kwanza ya mwongozo aliisoma mara tatu pasipo kuambulia kitu, maana mifano yake yote ilihusu wateja na ankara za duka. Alipoyaacha ya duka na kuingiza madema, majarife na foromali, mambo yalianza kufunguka. Alitengeneza nakala ya faili lake akaipa jina la "kuharibu", na humo akajaribu kila alichoonywa asijaribu. Alitoa amri ya kubadilisha bila kuiwekea sharti, akashuhudia mistari yote mia sita na zaidi ikigeuka kuwa "dema" kwa mpigo mmoja. Onyo hilo lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito kitabuni. Hata hivyo, alilielewa siku aliyoyaona madema mia sita.

Kulikuwa na jambo moja ambalo isimu ilikuwa imekwisha kumfunza. Katika hifadhidata za kimahusiano kila mstari hupewa ufunguo, na mstari wa jedwali jingine huurejelea ufunguo huo ili ijulikane ni wa nani. Anayejua kwamba "ki" ya "kikali" ndiyo inayotuambia kivumishi hicho ni cha kisu wala si cha upanga, hashangazwi na utaratibu huo. Lakini neno lenyewe haliwezi kuwa ufunguo. Demani ni majira ya mwaka, na demani ni kamba ya tanga; kompyuta iliyoambiwa kwamba kila neno ni moja tu itamkataa demani wa pili. Kila ingizo likapewa nambari yake, na wazee wakawekwa kwenye jedwali lao.

Palipomshinda aliwaendea watu wa mtandaoni. Stack Overflow, iliyofunguliwa mwaka 2008, na makundi mengine ya aina hiyo yana adabu zake za kuuliza: onyesha umbo la jedwali lako, toa mistari michache ya mfano, andika amri uliyoijaribu, jibu ulilolipata, na jibu ulilolitarajia. Swali pana hufungwa, pengine kwa maneno makavu. Ukavu huo una lawama zake, na wapo walioukimbia uwanja kwa ajili yake. Kuna pia suala la lugha, kwa kuwa mazungumzo mengi huko huendeshwa kwa Kiingereza. Ila sharti la kumweleza ngeli mtu asiyejua neno hata moja la Kiswahili lina faida ambayo semina zetu haziitoi kwa urahisi. Huwezi kujificha nyuma ya istilahi ambayo msikilizaji wako hajapata kuisikia.

Swali lake lilihusu hesabu isiyotimia. Alikuwa na maneno 612. Aliomba yale ambayo umbo la wingi ni tofauti na la umoja, akapewa 341. Aliomba yale ambayo maumbo hayo mawili ni sawa, akapewa 208. Jumla ni 549. Maneno 63 hayakuwa sawa wala hayakuwa tofauti, jambo ambalo kimantiki lilimwonekea muhali.

Jibu lilifika usiku uleule. Maneno hayo 63 hayakuwa na kitu kwenye safu ya wingi, na safu isiyo na kitu hubeba alama iitwayo NULL. Kuilinganisha alama hiyo na chochote hakuleti ndiyo wala la. Huleta "haijulikani", na amri ya kuchagua hupokea ndiyo peke yake. Alionyeshwa namna ya kuiuliza mistari mitupu waziwazi. Kisha huyo aliyemjibu, mtu asiyemfahamu kabisa, akaongeza swali lake mwenyewe: maneno haya hayana wingi, au hukuuliza?

Swali hilo lina historia. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha makala yake ya muundo wa kimahusiano mwaka 1970. Baadaye alishughulikia sana suala la taarifa zinazokosekana, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama mbili: moja ya kitu kilichopo ila hakijajulikana, nyingine ya kitu kisichoweza kuwapo. Lugha ya SQL ilibaki na alama moja kwa yote mawili. Wenye maduka labda hawaoni hasara. Mwanaisimu anaiona mara moja. Tanga la chombo lina wingi wake, matanga. Matanga ya msiba, neno lililoingia madaftarini kwa kuwa mzee mmoja alisimulia kuhusu mabaharia waliozama, hayana umoja unaotumika. Utupu wa namna hiyo ni sehemu ya sarufi. Utupu wa neno ambalo mtafiti alisahau kuliulizia ni kazi isiyofanywa, na kwenye skrini viwili hivyo havitofautiani.

Aliongeza safu mpya akaiita "hali", akachapa orodha ya maneno 63 na kurudi Vanga. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu safari ya kwanza.

"Hilo halina wingi, mjukuu wangu," mzee mmoja alimwambia walipofika kwenye kusi. "Ushasikia watu wakisema makusi?"

Kwa namna hiyo maneno 19 yaliandikiwa "hakuna". Maneno 27 yalipata wingi wake palepale, mengine kwa kicheko, kama kwamba mtoto ameuliza jina la mkono. Katika maneno 11 wazee walitazamana, wakajaribu umbo hili na lile, wakakiri kwamba waliokuwa wakiyasema ni baba zao. Hali hiyo Codd hakuiwekea alama. Mwanafunzi aliiandika "hakumbuki" na kutaja jina la msimulizi kando yake.

Maneno sita yaliyosalia yalikuwa yametajwa na wazee wawili tu, na wote wawili walikuwa wamefariki kabla ya safari ya pili. Aliwauliza wenzao, nao hawakuyajua. Kwenye safu ya hali, mistari hiyo sita imeandikwa "halikuulizwa".