Chupa ya Matone Mfukoni

Pua yangu ilivunjika Agosti 2017, barabara ya Moshi kwenda Marangu, nikiwa abiria wa bodaboda. Nilianguka kifudifudi. Zahanati walinisafisha, wakanishona mdomo, wakanipa dawa za maumivu. Siku ya tatu pua ilikuwa imeziba pande zote mbili. Nikadhani ndiyo kupona kwenyewe, sikurudi.

Baadaye sana nilielezwa kilichokuwa kikitokea. Gegedu la ukuta wa katikati ya pua halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na ngozi laini inayolifunika. Damu ikivilia kati ya ngozi hiyo na gegedu, gegedu hufa ndani ya siku chache. Kama ningerudi wakaitoa damu ile mapema, huenda leo nisingekuwa na la kushuhudia. La kwangu lilikufa, na mwanzi wa pua ukabonyea katikati.

Nilikuwa mwimbaji kwenye kwaya ya usharika, tena yule anayesimama mbele peke yake. Sauti ikawa king'ong'o. Watoto wa Sunday school wakaniiga, nami nikaacha kwaya nikisema kazi zimenizidi.

Mwaka 2018 nilipasuliwa mara ya kwanza kunyoosha ukuta wa ndani, na 2020 mara ya pili, wakachukua gegedu la sikio kuinua mwanzi. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilihamishiwa puani na bado halikusikia. Pua iliinuka kidogo, ikalala upande wa kushoto, na tundu la upande huo likawa linajifunga kila nikivuta hewa.

Hapa niungame. Kote nilikokwenda nilisema shida yangu ni pumzi. Pumzi ilikuwa shida kweli, lakini kilichokuwa kinanila ni sura. Nilijua bima hailipii urembo, na nilionea aibu, mwanamume mzima kulilia sura. Basi madaktari wakahangaika na nililowaambia, nami nikarudi nyumbani na hasira kwa ajili ya nililowaficha. Niliwasema vibaya kwa miaka. Sikuwatendea haki.

Nyumbani nilikuwa mtu wa kioo. Usiku nawasha tochi ya simu, najitazama kwa upande. Mezani nachagua kiti ambacho nikikikalia mke wangu hatauona upande wa kushoto. Harusi ya dada yangu sikukaa kwenye picha hata moja. Kisha nikasikia habari za Istanbul, kwamba watu wa nchi nyingi huenda kule kutengenezwa pua, nikaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu. Hela ya kuanzia nilichukua akiba ya mke wangu ya kikundi cha VICOBA. Sikumwomba. Nilichukua.

Alipogundua nilisubiri kelele. Hakupiga. Alikaa kitandani akaniuliza, "Baba Imani, pua hiyo ikinyooka ndipo utatuangalia?" Nilikosa jibu. Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akanipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo ambaye hatukuwa tukimfahamu. Mtu niliyemwibia ndiye aliyelipa nauli. Mpaka leo nikikumbuka hilo nainamisha kichwa.

Daktari, mama wa makamo, hakuanza na pua. Aliuliza, "Baba, unataka kupumua au unataka sura?" Kwa mara ya kwanza nikajibu kweli: vyote viwili, na sura zaidi. Hakucheka. Akaweka vidole shavuni pangu akavuta ngozi kuelekea sikioni, na hewa ikaingia upande wa kushoto. Akasema ukuta wa tundu umekosa cha kuushikilia. Kisha akauliza kuhusu kichupa kilichotokeza mfukoni mwa shati.

Yalikuwa matone ya kuzibua pua. Nilianza kuyatumia baada ya upasuaji wa kwanza na sikuwahi kuacha. Ilikuwa mwaka wa tano. Bila matone silali. Akanifungulia karatasi inayokuja ndani ya boksi la matone hayo, ambayo sikuwahi kuisoma: yasitumike zaidi ya siku 7. Matone hubana mishipa ya damu ndani ya pua, yakiisha nguvu mishipa hutuna zaidi, nawe unaweka tena. Sehemu ya kuziba kwangu nilikuwa nainunua mwenyewe duka la dawa.

Aliniachisha upande mmoja kwanza, kisha wa pili, kwa dawa nyingine ya kupuliza na kusafisha kwa maji ya chumvi. Wiki mbili za kwanza nililala nimekaa. Mke wangu, Mama Imani, alikaa nami, akinisugua mgongo, hana neno la lawama. Wiki ya nne niliamka asubuhi nikasikia harufu ya kahawa kutoka jikoni. Nililia.

Upande wa kushoto bado unajifunga. Daktari amenieleza kwamba upasuaji wa tatu ungehitaji gegedu la ubavu, kwa kuwa la pua lilikufa na la sikio limeshatumika. Kwamba gegedu la ubavu huweza kupinda baada ya kuwekwa. Kwamba makovu ya mara mbili hufanya kazi iwe ngumu zaidi. Na kwamba pua iliyonyooka kabisa haniahidi. Hakunikataza. Alitaka nipumzike kwanza, nirudi nikiwa na akili tulivu.

Nimepumzika miezi 14. Kiwanja kipo, akiba ya VICOBA nimeirejesha yote, na kwaya nimerudi, sauti ya tatu, mstari wa nyuma. Sijaamua. Kuna siku nataka kisu, kuna siku sikumbuki kama nina pua.

Wewe unayesoma huku umeshika kichupa kama changu, isome karatasi ya ndani, kisha ukamwambie daktari wako lile ulilomficha. Mimi kliniki yangu ni Alhamisi. Mama Imani ameshaomba ruhusa.