Mashine ya Kutotolea, Bakuli la Maji na Mayai ya Jirani



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, tulipoombwa tuandike juu ya kutotoa vifaranga kwa mashine nyumbani tulisita kidogo. Mara ya kwanza tulipoitumia mashine hapa Koyama tuliua vifaranga 17, na mayai hayakuwa yetu. Yalikuwa ya jirani, mjane, ambaye sote tunamwita shangazi ingawa hatuna nasaba naye. Lakini watu wanaendelea kutuuliza, na karibu kila anayeuliza yumo njiani kufanya kosa lile lile, kwa hiyo tumeona bora tulieleze kama lilivyokuwa.

Mashine ilitoka Uingereza. Tangu vita vya mwaka 1991 nyumba nyingi za Wabajuni zina mtu Mombasa, na nyingine zina mtu Uingereza, na ndugu yetu wa huko ndiye aliyeituma. Ilifika Kismayu, ikavushwa kwa boti ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Ni sanduku la plastiki la mayai 24, lina feni ndogo, kioo cha kuonyesha joto, na chini kuna vihori viwili vya kutilia maji. Tuliiunga kwenye betri ya sola. Ilikuja na kijitabu, na kijitabu kilisema wazi: siku ya kwanza jaza kihori kimoja, ongeza maji kila siku, na siku tatu za mwisho jaza vyote viwili.

Shangazi alikuwa na mitetea wanne na jogoo mmoja wa kuchi, jogoo mrefu mwenye shingo tupu aliyekuwa akiwakimbiza watoto njia nzima. Tabu yake ilikuwa kunguru. Kila mtetea akitoka na vifaranga kumi, baada ya wiki mbili wamebaki wawili. Aliposikia habari ya mashine aliacha kuuza mayai dukani, akatuwekea siku kumi mpaka yakatimia 24. Alikuwa na hesabu zake: wakikua, majogoo watauzwa Kismayu, na pesa zake zitaezeka nyumba makuti mapya kabla ya masika.

Siku alipoyaleta alitukuta tunatia maji. Akasimama akatazama, akasema, "Nyinyi, kuku huweka bakuli la maji chini ya tumbo? Hewa yetu hii mwaiona kavu?" Tukacheka. Tukamwambia, shangazi, hii ni mashine, ina mambo yake, imeandikwa kitabuni.

Siku ya saba tuliyamulika mayai kwa tochi chumbani gizani. Manne yalikuwa meupe, hayana kitu. Ishirini yalikuwa na mishipa myekundu kama mizizi na doa linalocheza. Watoto walipiga takbira. Siku ya 21 walitoka vifaranga watatu. Tukangoja siku ya 22, tukangoja ya 23, kisha tukavunja yaliyobaki. Vifaranga 17, wengi wao wakiwa wametimia, manyoya na kucha na mdomo, wamevimba na kulowa. Wengine walikuwa wameshadonoa kaka kwa ndani, maji mazito yakawajaa puani.

Hatukwenda kwa shangazi usiku ule. Wala kesho yake. Tulikwenda siku ya tatu, na mpaka leo kuchelewa kule kunatuuma kuliko maji yenyewe.

Sasa tueleze ni nini kilichotokea, maana hili kijitabu hakikulieleza. Yai linavuja. Kaka lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kwa siku 21 maji yaliyomo ndani yanatoka polepole kama mvuke. Mahali pake panashikwa na hewa, upande ule mnene wa yai, ndiyo maana ukilimulika unaona chumba cha hewa kinakua kila wiki. Kifaranga, siku ya 19 au 20, hutoboa kwanza kuingia kwenye chumba kile, na hapo ndipo anapovuta pumzi yake ya kwanza, kabla hajavunja kaka. Hewa ya mashine ikiwa na unyevu mwingi mno, maji hayatoki yaiini, chumba kinabaki kidogo, na kifaranga anajaa hana pa kugeukia wala pa kupumulia. Anazama ndani ya yai. Ikiwa kavu mno, yai hupoteza maji kupita kiasi, na kifaranga hutoka mdogo na dhaifu au ngozi ya ndani humkaukia akashindwa kutoka. Mpaka siku ya 18 yai linatakiwa liwe limepoteza kiasi cha asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake wa siku ya kwanza. Katika mashine nyingi hilo hupatikana kwa unyevu wa asilimia 50 hivi.

Kosa letu lilikuwa katika swali la unyevu ule unatoka wapi. Hewa ikipashwa moto bila kuongezwa maji, unyevu wake kwa asilimia hushuka, kwa sababu hewa ya moto ina nafasi ya kubeba maji mengi zaidi. Chukua chumba cha Uingereza wakati wa baridi, nyuzi 18, unyevu asilimia 50. Hewa ile ile ikipashwa mpaka nyuzi 37.5 inabaki na asilimia 16 hivi. Mwenye mashine huko asipotia maji atakausha mayai yake yote. Sasa chukua hewa ya Koyama, nyuzi 28, unyevu asilimia 80, bahari pande zote. Ipashe mpaka nyuzi 37.5: inabaki na asilimia 47 hivi. Yaani kihori kikiwa kikavu kabisa, sisi tumeshafika karibu na tunapotaka. Kijitabu hakikusema uongo. Kiliandikwa kwa hewa ya watu wengine, na shangazi ambaye hajui kukisoma alikuwa ameshatupa jibu siku ya kwanza.

Mtu atauliza, hamkuwa na kipimo? Tulikuwa nacho. Kilikuwa kile kidogo cha bei rahisi, na kilikuwa kikituambia asilimia 54 kila siku, tukilala usingizi. Kijana wetu anayesoma Mombasa, alipokuja likizo, ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kukijaribu, na wanafunzi mnaosoma hapa mnaweza kuifanya leo leo. Tia kijiko cha chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ufunge, uache usiku kucha. Hewa ya mfukoni itatulia kwenye asilimia 75. Chetu kilisoma 60. Kwa hiyo zile 54 zetu zilikuwa karibu na 70, siku zote 18.

Habari ya amana. Tulikwenda kwa mwalimu wetu wa chuoni kuuliza. Akatuambia kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii mwenye kuwekewa amana halipi kilichoharibika mkononi mwake isipokuwa amezembea au amevuka mipaka. Tukapumua. Kisha akauliza, "Na mwenye mali aliwaambieni nini mlipokuwa mkitia maji?" Hakuna aliyejibu. Tukaenda na bei ya mayai 24 mfukoni. Shangazi akazitazama zile pesa akasema yeye hakutuuzia mayai, alitupa mayai yatoke vifaranga, na anangoja vifaranga.

Basi tukaanza upya. Safari hii hatukuyaweka mayai siku kumi. Nchi za baridi huyaweka wiki nzima mahali penye nyuzi 15 hadi 18, lakini joto la chumba chetu linatosha kuliamsha yai nusu nusu, likaanza kuumbika kisha likadhoofika. Tulikusanya kwa siku nne tu kutoka kwa mitetea ya shangazi na yetu, ncha nyembamba ikielekea chini, tukapata 20. Tukakopa dukani ile mizani ndogo ya dijitali inayopimia bizari, tukapima kila yai na kuandika uzito wake kwa penseli juu ya kaka. Hilo la kuandika moja moja lina faida, kwani siku ya saba ukitoa mayai mabovu hesabu haikuharibikii. Na kihori tukakiacha kikavu.

Tuseme wazi kwamba tuliogopa. Kila asubuhi mmoja wetu alitaka kutia maji "kidogo tu".

Joto nalo lina vituko vyake. Mashine yenye feni iwekwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni huwa na joto zaidi juu kuliko chini, kwa hiyo kipimo kikae usawa wa mgongo wa mayai na kisome nyuzi 38.5 hivi. Usiamini kioo cha mashine peke yake. Kipimajoto cha homa, kile cha dijitali, ni sahihi zaidi na nyumba nyingi kipo. Na katika makosa mawili ya joto, kuzidi ndiko kunakoua upesi. Usiku mmoja betri ilikufa saa nane. Tuliifunika mashine kwa blanketi na kanga mpaka jua likatoka, na mayai yalisalimika. Lakini mchana wa kaskazi chini ya bati, mashine ikiwa imefungwa, joto hupanda lenyewe na feni haina hewa ya baridi ya kuvuta. Tuliihamishia chumba cha makuti, mbali na dirisha. Zamani Misri walikuwa na majiko makubwa ya udongo ya kutotolea maelfu ya mayai, ambayo Abdullatif al-Baghdadi aliyaeleza katika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 13, na mafundi wa majiko hayo walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Tumejaribu. Unahisi kweli tofauti, ila sisi bado tunarudi kwenye kipimajoto.

Mayai tuliyageuza mara tatu au tano kwa siku, hesabu isiyogawika kwa mbili, ili upande wa usiku usiwe ule ule kila siku. Baada ya Alfajiri, Adhuhuri na Isha ndiyo ikawa ada yetu.

Siku ya saba tulitoa mawili yasiyo na mbegu. Yaliyobaki 18 yalikuwa na uzito wa gramu 756 siku ya kwanza. Siku ya 18 yalikuwa gramu 656. Yamepungua gramu 100, zaidi kidogo ya asilimia 13, bila tone la maji. Kijana alipiga hesabu mara mbili.

Siku tatu za mwisho ndipo mambo yanapogeuka. Hapo huyageuzi tena, na unyevu upande mpaka asilimia 65 au 70, ili ngozi ya ndani isimkaukie kifaranga akiwa katikati ya kutoka. Sasa ndipo tukatia maji, ya mvua, kwani ya kisima chetu yana chumvichumvi na yanaganda vihorini. Kinachoongeza unyevu ni upana wa maji yanayoonana na hewa. Kina chake hakisaidii kitu. Kipande cha sifongo kilicholowa hufanya kazi kuliko bakuli refu. Tulitia kwa bomba la sindano na mpira mwembamba uliopita kwenye tundu la hewa, kwa sababu kifuniko hakifunguliwi. Mara ya kwanza tulikifungua kila mara kuwaonyesha watoto, na kila ukifungua unyevu wote unatoka. Safari hii watoto walitazama kwa kioo. Mdogo alilia. Tukamwacha alie.

Kifaranga akishatoboa kaka anaweza kukaa nusu siku au zaidi hafanyi kitu, anamalizia kunyonya kiini na damu iliyo kwenye mishipa. Ukimvuta unamtoa damu. Tulikumbushana habari ya Mtume (s.a.w.) alipoamrisha makinda warudishwe kwa mama yao, tukajizuia mikono.

Walitoka 15. Asubuhi ya siku ya 22 tuliwatia kwenye kikapu cha ukili, tukawafunika kwa kanga, tukabisha hodi. Shangazi aliwahesabu mmoja mmoja kwa kidole. Akasema tutoe mayai yetu ndani ya hesabu, yeye hatachukua kisicho chake. Kwa alama za penseli, kumi walikuwa wake na watano wetu. Tukamwomba apokee wote 15, kwa wale 17. Akafikiri, akawapokea, na makuti ya masika ile tukayasuka naye.

Mwezi uliofuata mtetea wake mmoja alilalia mayai tisa pembeni mwa jiko, na yeye mwenyewe akatuita tuje na mizani. Tuliyapima siku ya kwanza: gramu 378. Siku ya 18 tulingoja jioni kuku atoke kula, tukayapima haraka haraka naye akituzomea kutoka mlangoni. Gramu 330, karibu asilimia 13. Shangazi akauliza kuku kasoma kitabu gani.