Kulaani si Kukaripia

Bila shaka umezoea kusikia redioni kwamba kiongozi fulani 'amelaani vikali' jambo fulani. Leo analaani bei ya sukari, kesho analaani refa wa kandanda. Sisi wa magazeti ndio tulioeneza mtindo huu, wala hatuulizi neno lenyewe hutua wapi.

Hapa Garissa hutua pabaya. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kisomali, nacho kina maneno mawili tofauti. Kiongozi akishutumu jambo hadharani, hiyo ni cambaareyn. Mzazi akimwapiza mwanawe, hiyo ni habaar, nayo huogopwa kuliko ukame. Kiswahili kimeyabebesha yote mawili kitenzi kimoja, kulaani, tulichokipata kwa Waarabu. Asili yake ni kumtoa mtu katika rehema ya Mungu. Aliyelaaniwa ni Ibilisi.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, aliletewa barua kutoka shule ya bweni anakosoma mwanawe. Kijana alikuwa ametoroka usiku. Barua ikasema shule 'inalaani vikali' mwenendo wake. Binti yake mdogo akamfasiria neno kwa neno.

Mama huyo hakulala. Alfajiri alibisha mlangoni pangu. "Walaal," akaniambia, "mtoto aliyelaaniwa na mwalimu wake nitamrudishaje kwake?"

Nilimweleza kwamba mwandishi wa barua alikusudia kukaripia. Alinisikiliza, lakini hakuridhika mpaka alipofunga safari na kumsikia mwalimu akitamka kwa kinywa chake kwamba hakumwapiza mtu. Kijana alikuwa amekwisha kosa masomo ya wiki mbili.

Je, msomaji, tufanyeje? Maneno tunayo tele. Kukosoa ni kuonyesha kasoro. Kukemea ni kukataza kwa ukali. Kukaripia ni kumwambia mtu wazi kwamba amekosea, akiwa bado ni wetu. Kushutumu ni kumtupia lawama mbele ya watu.

Hata Bunge hujua mipaka hiyo. Mnamo Julai 2008 wabunge walipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Bw Amos Kimunya, wakati huo Waziri wa Fedha, kuhusu kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency. Aling'atuka, lakini Januari 2009 akarejea katika Baraza la Mawaziri, safari hii akiwa Waziri wa Biashara. Karipio, hata liwe la taifa zima, huacha mlango wa kurudia. Laana huufunga.

Sisemi neno kulaani litupwe. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, masheikh na maaskofu walilaani unyama ule, na hakuna aliyeuliza maana yake. Siku ile neno lilipata kazi inayolingana na uzito wake. Tukilitumia pia kwa mvulana aliyeruka ua, siku ya msiba tutasema nini?

Basi mwalimu, mhariri, nawe mzazi, kabla ya kuandika 'nalaani', jiulize kama ungependa huyo mtu arudi. Ukitaka arudi, mkaripie.