Bagamoyo ya Kuagiza, Kipande kwa Kipande

Tofali la Lego la vinundu viwili halifiki gramu moja, na kwa wauzaji wa mtandaoni wa Ulaya linapatikana kwa senti chache za dola. Anayeiona bei hiyo kwa mara ya kwanza hudhani mambo ni rahisi. Mimi huagiza vipande hivi kwa ajili ya watoto wa hapa Bagamoyo, na ninachoweza kukuthibitishia ni kwamba bei ya kipande ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Pesa huishia kwenye nauli, kwenye kodi na kwenye makato ya kadi. Mwenye mfuko mdogo akilijua hilo kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, atajenga mengi.

Kazi yangu ni kuongoza wageni. Asubuhi nawapitisha Ngome Kongwe, Caravanserai, Boma la Wajerumani na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na wenye muda tunafika hadi magofu ya Kaole. Jioni watoto wa mtaa huja barazani kwetu, meza inatolewa nje, tunajenga. Tunayajenga majengo yaleyale ninayowaonyesha wageni. Mtoto wa Bagamoyo hupita mbele ya kuta za matumbawe kila siku akienda shule, na machoni pake ni kuta zilizochakaa tu. Akishaujenga ukuta huo kwa mkono wake, akahesabu milango na madirisha, maswali huanza: nani alikuwa akilala humu, mbona ukuta mnene hivi, maji walichota wapi? Maswali hayo nayatafuta kwa udi na uvumba.

Maboksi yanayouzwa kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam huja na jengo lake ndani: kituo cha polisi, gari la zimamoto, kasri lenye paa za kuchongoka. Ni vitu vizuri na watoto huvipenda. Ila mimi nikilinunua boksi hilo nalipia magurudumu, taa na vioo ambavyo havina nafasi katika msikiti wa Kaole. Kipande kimoja kimoja kinaniruhusu kulipia ukuta tu, kwa sababu ukuta ndio ninaoutaka.

Soko ninalolitumia zaidi ni BrickLink. Lilianzishwa mwaka 2000 na Daniel Jezek, wakati huo likiitwa BrickBay, na mwaka 2019 likanunuliwa na kampuni ya Lego yenyewe. Lina maelfu ya wauzaji waliotapakaa duniani, kila mmoja na stoo yake, wengine wakiuza vipya na wengine mitumba. Lugha yao ya pamoja ni namba. Geuza tofali lolote la Lego, utazame ndani kwa chini, mara nyingi utakuta namba ndogo imechapwa kwenye plastiki. Mbili kwa nne ni 3001. Moja kwa mbili ni 3004. Moja kwa nne ni 3010. Ukishazijua namba, hata Kiingereza chako kikiwa cha kuunga unga utaagiza kitu sahihi kutoka Poland au Ujerumani. Watoto wangu wanazijua kwa moyo. Utasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Nipe 3004 tatu za mchanga," na mwenzake anazitoa bila kuuliza.

Kabla ya kuagiza tunapima, na hapa ndipo uchumi wenyewe ulipo. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na kipande bapa kina milimita 3.2, yaani bapa tatu hulingana na tofali moja. Sisi tumekubaliana kwamba kinundu kimoja ni nusu mita. Kwa kipimo hicho tofali linakuwa sentimita 60 na bapa linakuwa sentimita 20. Tazama jinsi hesabu inavyokaa: hatua ya ngazi hukaribia sentimita 20, basi kila hatua ni bapa moja. Ghorofa ya mita 3.6 ni matofali sita kwenda juu. Jengo lenye uso wa mita 20 ni vinundu 40, sawa na sentimita 32 mezani.

Nusu mita hatukuiokota hewani. Mzee mmoja fundi wa kuta za mawe na chokaa alipita jioni moja, watoto wakampa shikamoo, akaitikia, akasimama kututazama. Nikamwuliza, "Babu, ukuta wa nyumba hizi za zamani unene wake ulikuwa kiasi gani?" Akakunja mkono, akauweka ubavuni mwa nguzo ya baraza, kiwiko hadi ncha ya kidole. "Mkono mmoja, mwanangu. Penye uzito, unazidisha." Mkono ni dhiraa, haufiki nusu mita kwa kidogo sana. Kisha akaongeza jambo ambalo limeniokolea pesa nyingi: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Mikoko inayofaa kwa dari hutoa boriti ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya majumba ya mawe ya pwani yetu ni virefu na vyembamba. Kwetu hiyo ni vinundu sita vya nafasi, na kinundu kimoja cha ukuta kila upande, jumla vinane. Basi boriti zetu ni bapa za moja kwa nane, namba 3460, za rangi ya kahawia. Naagiza aina hiyo moja kwa wingi, sihangaiki na saizi nyingine. Dari la nyumba nzima linatoka kwenye namba moja.

Hilo la kuagiza aina chache kwa wingi ni muhimu kuliko linavyoonekana. Wauzaji wengi huweka kiwango cha chini cha oda, na baadhi hukataa oda yenye aina nyingi za vipande viwili viwili, kwa kuwa kila aina inawalazimu kuinuka na kufungua droo nyingine. Mwenye aina kumi na mbili, kila moja vipande thelathini, anakaribishwa.

Sasa hesabu ya kapu. Tuseme vipande 400 kwa senti 6 kila kimoja: dola 24. Tuseme nauli ya kifurushi ni dola 20. Jumla dola 44. Ushuru wa forodha hautozwi kwenye bei ya kipande peke yake, unatozwa kwenye bei pamoja na nauli na bima. Vifaa vya kuchezea viko kwenye kundi la asilimia 25 katika ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo dola 44 inakuwa 55. Juu ya hiyo 55 inakuja VAT ya asilimia 18, tunafika dola 64.90, na tozo ndogondogo sijazigusa. Kipande cha senti 6 kimekuwa cha senti 16. Sasa chukua oda hiyohiyo uigawe kwa wauzaji wawili kwa sababu mmoja wao ana kahawia kwa senti moja pungufu. Nauli ya pili, dola 20, ikishapita kwenye ushuru na VAT inakuwa dola 29.50. Umefukuza senti, umepoteza pesa ya vipande vingine mia na zaidi.

Kwa hiyo mimi huanza na orodha, ndipo nitafute muuzaji. BrickLink ina sehemu ya kuhifadhi orodha ya unavyovitaka, kisha inakuonyesha duka lipi lina vingi kati ya hivyo. Namchagua mwenye vingi hata kama bei yake imezidi kidogo, na kilichokosekana nakitafutia mbadala. Matao ya Boma ni mfano. Kipande cha tao la vinundu vinne, 3659, mara nyingi kina bei kubwa kuliko tofali la kawaida. Vipande viwili vya mteremko uliopinduliwa, 3665, vikielekezana, vinafunga nafasi juu ya mlango na jicho linaliona tao. Watoto ndio waliokuja kuupenda ujenzi huo zaidi, kwa kuwa wanaona jinsi jiwe la huku na jiwe la huku yanavyosogeleana hadi kukutana.

Uzito nao uangaliwe. Kila kipande kwenye katalogi kina gramu zake. Kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa kina kikomo cha kilo 2, na tofali la mbili kwa nne lina gramu 2.3 hivi. Naujaza mzigo hadi karibu na daraja la nauli niliyokwisha kuilipia, maana tofali la mwisho ndani ya daraja husafiri bure.

Kuhusu rangi, niseme wazi: rangi ndiyo inayowafilisi watu. Kuta za ndani ambazo hakuna atakayeziona sisi huzijenga kwa rangi yoyote iliyo rahisi siku hiyo, nyekundu, buluu, kijani. Rangi ya mchanga, ambayo BrickLink huiita Tan na kampuni yenyewe Brick Yellow, tunaiweka usoni tu. Kwa matumbawe yaliyopigwa na jua na mvua tunachanganya mchanga, nyeupe na kijivu. Miaka ya 2003 na 2004 Lego walibadilisha kijivu chao kikawa na ubuluu ndani yake. Kijivu cha zamani kina joto, kinafanana na chokaa iliyozeeka. Wengine huenda wakapendelea kijivu kipya, lakini kwa Kaole ni kile cha zamani, na cha mtumba.

Mtumba wa Lego ni salama kwa sababu tofali lililoombewa hataza Denmark tarehe 28 Januari 1958 bado linashikana na la leo. Ukipokea mzigo, chukua kila tofali ulibonyeze kwenye tofali zima unaloliamini, uligeuze juu chini, ulitikise. Likishika, limepita. Lililoanguka linaenda kwenye kuta za ndani, katikati ya yanayoshika. Pitisha kidole kwenye kingo utafute alama za meno, kwani mtoto wa Ulaya naye hung'ata. Tazama nyufa kwenye vipande vya moja kwa moja, huanzia kwenye kona. Kisha osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, uanike kivulini. Jua la Bagamoyo litaigeuza nyeupe yako kuwa njano.

Wapo watakaoniuliza mbona sinunui vya China. Nanunua. Hataza za tofali zilikwisha muda zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ilikataa umbo la tofali liwe alama ya biashara ya kampuni moja, kwa hiyo viwanda vya Shantou na kwingineko vinayatengeneza kihalali na yanashikana na ya Lego. Yakija kwa meli kupitia mawakala wa Kariakoo, gharama ya kila kipande inashuka mno. Kwa sakafu, misingi na kuta za ndani sioni sababu ya kutoa zaidi. Kwa sehemu zinazojengwa na kubomolewa kila jioni nabaki na Lego, maana mtoto wa miaka sita anahitaji tofali linaloshika bila kusukumwa kwa nguvu na linaloachia bila kung'olewa kwa meno. Watu wadogo wa plastiki hatuwaagizi kabisa. Bei ya mmoja ni ukuta mzima. Watu wetu tunawachonga kwa vijiti, tukawavika vipande vya kanga na kanzu za karatasi, na wanapendeza.

Malipo siku hizi hayasumbui kama zamani. Kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye huduma za pesa za simu, kama ya M-Pesa, inatosha, mradi uangalie kiwango cha kubadilishia dola kabla ya kuthibitisha. Mwombe muuzaji aandike bei halisi na maelezo ya wazi juu ya kifurushi, na wewe chapisha ankara uende nayo kwenye dirisha la forodha. Afisa akiona matofali ya plastiki na ankara inayolingana, mnamaliza haraka.

Mwaka huu tumeungana. Yuko mama mmoja Tegeta anayejenga na wanawe, yuko mwalimu Mapinga, na kijana Pangani anayetaka kujenga jahazi. Kila mmoja analeta orodha yake ya namba, tunaziunganisha ziwe oda moja, nauli tunagawana kwa gramu na kodi kwa bei. Mzigo unashukia kwangu, nauchambua, wa Tegeta na wa Mapinga unapanda daladala, wa Pangani unasubiri basi. Oda inayofuata inafungwa mwisho wa mwezi. Yetu ni makaburi ya nguzo ya Kaole, yale yaliyowahi kupachikwa bakuli za China: matofali ya mviringo ya moja kwa moja, namba 3062, manane kwa nguzo, ambayo kwa kipimo chetu ni mita 4.8. Watoto wameniomba niongeze vipande vya buluu na vyeupe vya kuwa bakuli. Nimeshaviweka kwenye orodha.